Nilipaka chumba cha mama rangi ya furaha, akahama

BARUA

Bi Mshauri, assalaam aleikum na shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 43, mzaliwa wa Mkomani hapa Lamu, na ningali naishi katika nyumba ya mawe ya wazazi wangu. Baba alifariki mwaka jana. Alikuwa nahodha, miaka mingi akipakia boriti kwenye jahazi lake mwenyewe. Alifia nyumbani, kwenye chumba cha ndani, usiku wa kuamkia Ijumaa. Mama alikaa eda miezi 4 na siku 10, akatoka. Lakini ni kama hakutoka.

Chumba kile baba alikipaka buluu kwa mkono wake, kabla mimi sijaolewa, kwa rangi iliyobaki alipokuwa akipaka jahazi. Ni buluu nzito yenye ukijani kidogo, kama maji ya kina mbele ya Shela. Mama hukaa humo tangu baada ya alasiri mpaka giza liingie, na taa hataki iwashwe. Baba alikuwa na msemo wake, kwamba ukuta ule "huamka magharibi". Sisi watoto tulikuwa tukicheka.

Mdogo wangu wa kiume anaishi Mombasa. Ndiye aliyeniambia kwamba buluu ni rangi ya huzuni, na kwamba mama hatapoa maadamu anakaa ndani ya buluu mchana kutwa. Alinieleza jinsi huko ng'ambo walivyopaka jela rangi ya waridi na wafungwa wakatulia, na kwamba manjano ndiyo rangi ya furaha. Akatuma pesa ya makopo mawili. Anakuja na familia yake kwa Maulidi na anataka akute chumba kimekwisha.

Basi mama alipokwenda Matondoni kwa dada yake siku mbili, nikaanza. Nilipaka kuta mbili kwa rola. Nilipofika ukuta wa zidaka, vile vishubaka vya ukutani, mkono ulikataa. Chini ya kidaka cha mwisho kuna doa, usawa wa kichwa cha mtu aliyekaa. Ndipo baba alipokuwa akiegemea na tasbihi yake, miaka yote, mpaka mafuta ya kichwa yakaingia ukutani na pale pakang'aa. Nikaweka rola chini.

Mama aliporudi alisimama mlangoni kitambo. Kisha akasema, "Mwanangu, rangi hii yanitoma mato," yaani yamchoma macho. Akakunja mkeka wake akahamia msanani, ukumbi wa mbele. Tangu hapo chumbani haingii. Kinachonitia hofu ni hiki: mara nyingine namkuta amesimama mlangoni, anaziba jicho moja kwa kiganja, anatazama ukuta, kisha anaziba la pili, anatazama tena. Nimeanza kuogopa kwamba akili zinamtoka. Afya yake nyingine si mbaya. Ana presha, na mwezi wa tatu alipasuliwa mtoto wa jicho la kulia. La kushoto bado.

Shangazi, dada yake baba, ameniambia, "Umemfuta ndugu yangu." Dada yangu mkubwa anasema tupake nyeupe kote, yaishe. Mama aliposikia akajibu, "Nyeupe ya sanda yanitosha." Mdogo wangu anasema nimalize tu, mama atazoea.

Na mimi, kusema kweli, buluu ile ilikuwa ikinibana kifua tangu Ijumaa ile.

Nimalize manjano? Nirudishe buluu? Na je, ni kweli rangi inaweza kumtia mtu huzuni au kumtoa?

Binti wa Nahodha, Mkomani

JIBU

Binti wa Nahodha, wa aleikum salaam. Marahaba, mwanangu, na poleni nyote kwa msiba. Mola amrehemu nahodha.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Nikikusikia sawasawa, ulitaka kumwondolea mama huzuni, ukaambiwa huzuni imekaa kwenye rangi, ukaiondoa rangi, na sasa mama amekosa hata mahali pa kukaa na huzuni yake. Kila mtu nyumbani ana rangi yake ya kukuamrisha, rola iko mikononi mwako, na Maulidi yanakaribia. Umelemewa, na ni haki yako kulemewa.

Niruhusu nianzie pale ulipopita haraka, kwenye kile kiganja cha mama.

Lenzi ya jicho la mwanadamu hugeuka rangi kadiri umri unavyokwenda. Ya mtoto ni angavu kama maji, ya mzee huingia umanjano, na mtoto wa jicho akishakomaa inaweza kuwa ya kahawia kama kioo cha taa ya chemni kilichoshika moshi. Rangi inayozuiwa zaidi na kioo hicho ni buluu. Mtu hatambui, kwa sababu mambo huenda polepole na ubongo hujirekebisha. Siku anapopasuliwa, lenzi ya zamani ikatolewa na mpya ikawekwa, buluu hurudi kwa kishindo. Wengi hushtuka. Na aliyepasuliwa jicho moja tu anaweza kukaa kwa muda na dunia mbili: jicho moja linaona ukuta kwa namna yake, la pili kwa namna nyingine. Mchoraji wa Ufaransa Claude Monet alipasuliwa jicho la kulia mwaka 1923, akiwa na miaka 82, kisha akalalamika kwamba mara anaona vitu vimezidi ubuluu, mara vimezidi umanjano. Huyo ni mtu aliyeishi kwa kutazama rangi, na bado alitaabika.

Kwa hiyo mama anapoziba jicho moja kisha jingine, huenda akili zake zi timamu kabisa. Huenda analinganisha. Mimi si daktari wa macho. Mpeleke kwa waliompasua, waeleze ulichokiona, na uulize habari ya jicho la kushoto. Akisema jicho linauma, au uoni umefifia ghafla, usingoje siku ya miadi.

Lakini kuna jambo jingine ndani ya hilo, na ndilo lililonikosesha usingizi. Hesabu miezi. Baba amefariki mwaka jana, mama amepasuliwa mwezi wa tatu mwaka huu. Kama miaka ya mwisho ya mumewe alikuwa akiutazama ukuta ule kupitia lenzi iliyochakaa, basi hiyo buluu ya jahazi, kama alivyoipaka nahodha mwenyewe, inawezekana ameiona upya mwaka huu, baada ya yeye kuondoka. Ameipata kwa miezi michache. Akaenda Matondoni siku mbili, akarudi.

Sisemi hivi nikuongezee mzigo. Hukujua, na wala mimi sijui kama ndivyo. Anayejua ni mama peke yake, na katika barua yako sikuona mahali ambapo kuna mtu aliyemuuliza anaona nini.

Sasa tuje kwenye buluu na huzuni. Hebu jiulize: katika maisha yako yote ya Kiswahili, ni nani aliyewahi kukuambia moyo wake una buluu? Sisi husema moyo mweupe, husema roho nyeusi, husema fulani macho yamemwiva mekundu. Buluu ya huzuni ni ya Waingereza, imo ndani ya maneno yao. Kwao mtu mwenye majonzi "ni buluu". Mdogo wako ameikuta kwenye simu ikiwa imevaa joho la elimu. Lugha yetu inashuhudia jambo jingine. Nyeupe, nyeusi na nyekundu ndizo zilizo na maneno yake zenyewe, nyingine tumezichuma kwenye vitu: kijani ni jani, manjano ni bizari, zambarau ni tunda, kijivu ni jivu la jikoni, na samawati ni mbingu. Ukitaja rangi kwa Kiswahili umekwisha kutaja kitu. Na katika nyumba yenu buluu ni jahazi.

Ni kweli pia kwamba watu wa mbali na mbali hukubaliana kwa mengi. Utafiti uliotoka mwaka 2020, uliohoji watu 4,598 katika mataifa 30, ulikuta kwamba nyekundu huhusishwa na mapenzi na hasira pia, nyeusi na huzuni, manjano na furaha, karibu kila mahali, ingawa kila nchi ilikuwa na yake. Lakini watafiti wale wale walikuwa wamekwisha kuonyesha mwaka uliotangulia, kwa watu wa nchi 55, kwamba manjano huhusishwa na furaha zaidi kwa wale wanaoishi mbali na ikweta na kwenye mvua nyingi. Ni wazi kwa nini: asiyeliona jua hulitamani. Lamu iko nyuzi 2 tu kusini mwa ikweta. Hapa tumejenga mitaa myembamba na kuta nene za matumbawe ili tulikimbie jua, na chumba cha ndani ndiyo hifadhi ya mwisho. Ukaniletea jua ndani ya hifadhi! Si ajabu mama kusema yamtoma mato, na hasa jicho jipya ambalo mwanga wote sasa linaupokea bila pazia.

Tena tafiti hizo ziliuliza watu rangi inawakumbusha hisia gani. Hazikumweka mjane katika chumba cha manjano zikaona kama atacheka. Kati ya kuhusisha na kuhisi kuna bahari pana.

Na hizo jela za waridi zina asili yake. Mwaka 1979, Mmarekani Alexander Schauss aliwashawishi wakuu wa jela ya wanamaji kule Seattle wapake chumba cha mahabusu rangi ya waridi, ikasemekana wafungwa wametulia. Habari ikaenea dunia nzima. Walipoijaribu kwa uangalifu katika jela moja ya Uswisi, matokeo yakachapishwa mwaka 2015, hawakuona kwamba waridi imepunguza ukali wa wafungwa kuliko nyeupe. Hadithi ya kwanza ilikwenda kwa mbio, hii ya pili haikufika Mombasa.

Je, basi rangi haifanyi kitu? Inafanya, mwanangu. Baba yako alijua. Mchana jicho hutumia seli za aina moja, giza linapoanza hutumia za aina nyingine, na hizi za gizani huichukua buluu na kijani kwa urahisi zaidi kuliko nyekundu. Ndiyo maana magharibi waridi jekundu huzama weusi, majani yake yakabaki yanaonekana. Daktari mmoja wa Bohemia, Jan Purkyně, aliliandika jambo hilo mwaka 1825. Nahodha wenu aliliona kwa kukaa chini na tasbihi: ukuta huamka magharibi. Mama anapokataa taa saa ile, pengine hakai gizani kama mnavyodhani. Pengine anangoja ukuta uamke.

Hapo ndipo nisipoweza kukuambia kama kukaa kule kunamjenga au kunamla. Kuna mjane anayekaa na kumbukumbu ya mumewe ikampumzisha, na kuna anayezama humo. Rangi ya ukuta haitakuonyesha tofauti. Tazama kama anakula, kama analala, kama bado anaulizia wajukuu, kama akisimuliwa jambo la kuchekesha uso unafunguka. Ukiona anakonda, halali, au anasema hana haja tena ya kuishi, hapo usihangaike na makopo, mpeleke hospitali wazungumze naye. Na asubuhi mtoe kwenye mwanga, uani au juu darini, hata nusu saa na kikombe cha kahawa. Ndani ya jicho kuna seli ambazo kazi yake ni kuuambia mwili kwamba kumekucha, na zinahitaji mwanga wa mchana. Kwa usingizi wa mzee hilo naliamini kuliko kopo lolote.

Tuje kwenye kuta zenyewe. Ukimaliza manjano, kazi itakwisha, mdogo wako ataridhika, na inawezekana mama akazoea kweli, kwani watu huzoea mengi. Lakini doa lile litakwenda, na hilo halina wa kulirudisha. Ukirudisha buluu, ujue hutaipata ile. Rangi ya miaka 20 na zaidi imepauka, imeshika chumvi na moshi wa udi. Buluu mpya ya dukani itakuwa jirani yake tu, na kuna watu ambao kitu kinachokaribia kufanana huwauma kuliko kitu tofauti. Nyeupe ya dada yako ina busara yake, kwani chokaa nyeupe ndiyo iliyokuwa ikivuta mwanga mpaka kwenye zidaka tangu enzi za mababu. Ila mama amekwisha kukujibu kuhusu nyeupe, na jibu lile si la kupita juu yake. Nyeupe ya kanzu ya Idi na nyeupe ya sanda ni moja kwa macho. Kwake, mwaka huu, ni ipi?

Unaweza pia kuuacha ukuta wa zidaka kama ulivyo, ukazituliza zile mbili nyingine kwa rangi ya chokaa iliyotiwa tone kidogo, isiyopiga kelele. Ukifika huko, zungumza kwanza na fundi anayezijua nyumba za mawe. Matumbawe na chokaa hupumua, na rangi za mafuta na za plastiki hufungia unyevu ndani, ndiyo maana kuta huanza kubambuka kutoka chini. Na kwa hali kilivyo sasa, chumba hakiwezi kukupa hukumu ya haki juu ya rangi yoyote. Manjano na buluu zikiwekwa ubavu kwa ubavu huchocheana. Mfaransa Chevreul, aliyesimamia upakaji rangi wa nyuzi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris, aliandika kitabu kizima juu ya jambo hilo mwaka 1839, na yeyote aliyewahi kuchagua leso dukani analijua. Manjano yako inaonekana kali zaidi kwa sababu buluu iko pembeni, na buluu ya baba inaonekana nzito zaidi kwa sababu ya manjano.

Mdogo wako usimwone adui. Aliye mbali na msiba hutafuta kitu cha kufanya, na yeye alichoweza kufanya ni kutuma makopo mawili. Shangazi naye anaposema umemfuta ndugu yake, analia. Kuahirisha hadi baada ya Maulidi nako kunawezekana. Kutakuwa na maneno, wageni watakuta chumba nusu nusu, na wewe ndiye utakayeyasikiliza hayo maneno. Pima kama mabega yako yanaweza.

Nimebakisha wewe. Kuhusu mama umeandika karibu barua nzima, kuhusu mdogo wako kifungu kizima. Kuhusu nafsi yako umeandika mstari mmoja, mwishoni, kwamba buluu ilikuwa ikikubana kifua tangu Ijumaa ile. Ulikuwepo chumbani usiku ule? Wewe ndiye uliyemfumba macho? Hukusema, nami sitakulazimisha. Nauliza tu kama zile kuta mbili ulizipaka kwa ajili ya mama peke yake, au palikuwa na mtu mwingine ndani ya nyumba ile aliyekuwa akitaka buluu iondoke ili apumue. Kama ni hivyo, si dhambi. Chumba kimoja kinaweza kumpumzisha mama na kumkaba binti, na wote wawili wakawa wanamlilia mtu mmoja. Na mkono uliokataa ulipofika kwenye doa ni huo huo uliopaka kuta mbili. Usiuchukie.

Siku moja wiki hii, baada ya alasiri, mwombe mama mwingie ndani pamoja. Tandika mkeka wake penye ukuta wa zidaka, muipe manjano mgongo, taa mwiache imezimwa. Usimuulize anataka rangi gani, kwani hilo litamfanya aamue kati ya watoto wake. Muulize jicho la kulia linaona nini, na la kushoto linaona nini. Kisha ngojeni magharibi.

Akikujibu, niandikie. Natamani sana kujua alichokiona.